Mafuta ya ganda la chungwa: yapime kwenye karatasi kwanza

Karibuni tena jamani. Leo nina kichupa cha mililita 10 cha mafuta ya ganda la chungwa, na wengi mmeniuliza kama yanang'arisha uso. Tutafika huko. Kwanza tazameni ganda hili: nalikunja karibu na mshumaa... mmeziona cheche? Hayo ndiyo mafuta yenyewe, yamo kwenye vile vitundu vya ganda. Viwandani hukamuliwa bila moto, na mengi yanatoka Brazili, kwenye viwanda vya juisi.

Sasa nadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, na pembeni tone la mafuta ya alizeti. Tuyaache kwanza.

Kinachofanya kazi humu ni limonini, zaidi ya asilimia 90. Inayeyusha gundi vizuri mno. Huu mtungi wa jamu una stika iliyogoma. Napaka, nasubiri, nafuta. Imetoka yote! Hapa nayapa alama zote. Ila hata kikombe cha foamu yanakitafuna, angalieni kinavyotoboka. Kwa hiyo yakae kwenye kioo cheusi, tena mbali na jiko, maana yanashika moto.

Haya, turudi kwenye karatasi. La alizeti limeacha doa la mafuta. La chungwa limeruka, umebaki unjano kwa mbali. Angalau tunajua hawajatuchanganyia mafuta ya kupikia.

Tuje kwenye uso. Dada yangu, usipake matupu, nakusihi. Yakishapigwa na hewa muda mrefu yanabadilika na kuwasha ngozi. Ukitaka ya kukandia mwili, matone 6 kwenye vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya nazi yanatosha. Kunywa, hapana kabisa.

Na msiyachanganye na ya limau au ndimu yaliyokamuliwa. Yale yana kemikali inayoamshwa na jua: unapaka asubuhi, unatoka, ngozi inaungua na weusi wake unaweza kukaa miezi. Ya chungwa tamu hayana tatizo hilo, lakini dukani vichupa vinafanana, kwa hiyo tafuteni jina la kitaalamu kwenye lebo, Citrus sinensis. Lisipoandikwa, rudisha.

Ukifungua kichupa, kiandike tarehe. Kikipita mwaka, mafuta hayo yabaki ya kutolea stika tu.