Huduma ya mtoto wa jicho kwa vichanga, CCBRT Msasani

Wengi wetu tumezoea kuwa mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho, ni ugonjwa wa wazee, kumbe kichanga anaweza kuzaliwa nao, ama kwa kurithi, ama kwa sababu mama yake aliugua rubela akiwa mjamzito, na mara nyingi chanzo chake hakijulikani kabisa. Mpwa wangu alizaliwa na weupe katikati ya mboni za macho yote mawili. Katika zahanati ya kwanza tuliambiwa tusubiri akue, ushauri wa hatari sana, kwa kuwa ubongo hujifunza kuona tangu miezi ya mwanzo, na lenzi yenye ukungu mzito ikicheleweshwa kuondolewa, mtoto anaweza kubaki na uoni hafifu maisha yake yote hata akifanyiwa upasuaji baadaye.

Hospitali ya CCBRT, jijini Dar es Salaam, ilimpokea kwa uzito uliostahili. Upasuaji, ambao kwa mtoto hufanywa kwa nusu kaputi, ulikwenda salama. Ninachokisifu zaidi ni kilichofuata. Daktari alieleza kwa utulivu kwamba jicho la kichanga bado linakua, hivyo hakumwekea lenzi ya bandia wakati ule, na kwamba miwani minene ndiyo itakayofanya kazi ya lenzi iliyotolewa. Muuguzi alikaa na dada yangu, akamwonyesha namna ya kupitisha mkanda wa mpira kisogoni ili miwani isivuke, akamwambia, "Mama, akilia usimvue, mpe kwanza kitu cha kuangalia."

Miwani yenyewe ndiyo iliyotutesa. Duka moja la mjini lilitupa fremu ya mtoto mkubwa, ikawa inashuka hadi puani na mtoto akawa anatazama juu ya vioo, jambo linaloifanya miwani isiwe na faida yoyote. Fremu laini isiyo na bawaba ndiyo iliyomfaa.

Mzazi ajiandae kwa miaka ya kliniki, maana nguvu ya miwani hubadilika, utando unaweza kuota tena nyuma ya mboni, na presha ya macho inaweza kujitokeza muda mrefu baada ya upasuaji. Naipendekeza huduma hii kwa moyo wote. Walio Kilimanjaro na mikoa jirani wanaweza kuanzia hospitali ya KCMC, Moshi, na waende wiki hiyohiyo wanapouona weupe kwenye mboni.