Kifurushi cha vipimo vya pumu na mzio: lipia damu, acha vinasaba

Maabara moja binafsi jijini Dar es Salaam inauza kifurushi cha vipimo kinachoahidi kumweleza mgonjwa wa pumu iwapo ugonjwa wake unatokana na mzio au la. Ndani yake mna picha kamili ya damu (hesabu ya chembe zake), kiwango cha jumla cha IgE, yaani kingamwili inayohusika na mzio, IgE mahususi dhidi ya vizio (vitu vinavyosababisha mzio) mbalimbali, na uchunguzi wa vinasaba unaofanywa kwa mate. Pumu yangu ilianza ukubwani, na daktari alitaka kujua aina yake kabla ya kubadilisha dawa, hivyo nilikilipia chote. Ifahamike kwamba hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivi kinachothibitisha pumu yenyewe. Hilo hufanywa kwa kupima pumzi kabla na baada ya kuvuta salbutamoli, dawa inayofungua njia za hewa.

Wahudumu ni stadi na majibu ya damu yalitoka kwa wakati. Sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote ni IgE mahususi. Mwenye pumu ya mzio huwa na kingamwili zinazotambua kitu fulani, kama vile kinyesi cha utitiri wa vumbi la nyumbani au mabaki ya mende, nazo hujishikiza kwenye seli zinazomwaga histamini, kemikali inayoleta dalili za mzio, pindi kitu hicho kinapovutwa tena. Tofauti na kipimo cha kuchoma ngozi, hapa mgonjwa halazimiki kuacha dawa za mzio kama setirizini siku kadhaa kabla. Kasoro yake ni orodha ya vizio, ambayo ni dhahiri iliandaliwa kwa ajili ya nchi za baridi: imo chavua ya mbetula, mti wa misitu ya Ulaya ya kaskazini, lakini hayumo Blomia tropicalis, utitiri unaostawi katika maeneo yetu yenye joto na unyevu.

Majibu yangu ya IgE mahususi yalikuwa hasi kwa kila kizio kilichopimwa. IgE ya jumla, hata hivyo, ilikuwa juu, na kwa kigezo hicho peke yake ripoti iliandika kwamba nina pumu ya mzio. Hili ni kosa zito, hasa hapa kwetu, kwa sababu minyoo ya tumbo kama safura na askaris (minyoo mikubwa ya mviringo) huipandisha IgE ya jumla na pia hesabu ya eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, hata kwa mtu asiye na mzio wowote. Daktari wangu aliagiza choo kipimwe, safura ikaonekana, nikatibiwa kwa albendazoli, na IgE ikaanza kushuka taratibu. Maabara inayopima wakazi wa pwani ingepaswa kuuliza habari ya minyoo kabla ya kutamka aina ya pumu.

Eosinofili zangu, kwa upande mwingine, ziliendelea kuwa zaidi ya 300 kwa kila maikrolita hata baada ya minyoo kuisha. Ripoti haikufafanua maana ya hali kama hii, ilhali ni jambo la msingi: katika pumu isiyo ya mzio, seli nyingine za kinga zinaweza kutoa intaleukini-5, kemikali ya mawasiliano kati ya seli, na kuziita eosinofili bila IgE kushiriki. Chembe hizi, basi, hazitenganishi aina mbili za pumu, bali zinadokeza kwamba dawa ya kuvuta yenye steroidi ina nafasi nzuri ya kufanya kazi, na ndicho daktari alichohitaji kujua. Wapo pia wagonjwa ambao eosinofili zao ziko chini na njia zao za hewa zimejaa neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, na kwao steroidi mara nyingi husaidia kidogo.

Ukurasa wa vinasaba ndio uliobeba sehemu kubwa ya bei, na siupendekezi. Unataja tofauti zilizo karibu na jeni ya ORMDL3 kwenye kromosomu ya 17, ambazo tangu 2007 zimehusishwa na pumu, ila zaidi ile inayoanza utotoni. Utafiti mkubwa wa GABRIEL wa 2010, uliolinganisha wagonjwa 10,365 na watu 16,110 wasio na pumu, ulionyesha kwamba maeneo ya vinasaba yanayohusiana na pumu kwa sehemu kubwa si yale yanayotawala kiwango cha IgE, na washiriki wake wengi walikuwa wa asili ya Ulaya. Kila tofauti huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo haiwezi kumwambia mtu mmoja kwamba pumu yake ni ya mzio au si ya mzio. Kuandika “hatari ya juu” kwa wino mwekundu mbele ya mzazi mwenye wasiwasi ni kumtoza fedha kwa ajili ya hofu.

Anayetaka huduma hii aombe IgE mahususi na picha kamili ya damu pekee, aongeze kipimo cha choo, kisha majibu yasomwe na daktari anayemtibu. Maabara inakubali kuviuza kimoja kimoja, ingawa tangazo lake halisemi hivyo.