Projekti nzima au traki za WAV?

Studio yetu ndogo hapa Majengo, Moshi, hurekodi kwaya kuliko kitu kingine, na kwaya hurudi. Wanakuja baada ya miaka sita wakiomba muziki mtupu wa wimbo wao, wakauimbie kwenye mkesha. Swali ni tuzitunze vipi rekodi zao: projekti nzima, yaani faili la kazi la programu ya kurekodia, au traki za WAV, yaani kila sauti au ala kwenye faili lake la sauti?

Ukihifadhi projekti kama ilivyo, unabaki na kila kitu: mikato, noti, viwango vya sauti, plagini (programu ndogo za ziada zinazotoa milio au kuibadilisha). Kwa kazi ambayo bado ina marekebisho, hakuna njia bora zaidi. Tatizo ni kwamba inadai programu ileile na plagini zilezile. Mwaka jana nilifungua projekti ya zamani. Noti za kinanda zilikuwepo zote, zinaonekana kabisa kwenye skrini, ila hakuna mlio. Plagini ya ala yenyewe haikuwemo kwenye kompyuta mpya. Iliniuma sana, kwa sababu mlio ule ndio uliobeba wimbo.

Kutoa kila traki kama WAV, zote zikianzia sekunde sifuri, kunakunyima uhuru wa kubadilisha noti. Nafasi nayo inaliwa: kwa ubora wa biti 24 na kHz 48, traki moja ya mono (chaneli moja) ya dakika 4 ni kama MB 35, hivyo traki 24 hukaribia MB 830. Lakini programu yoyote itazifungua, na zitapangana zenyewe. Tempo, yaani kasi ya wimbo, iandike kwenye jina la folda.

Kwa kutunza miaka mingi nachagua WAV, na projekti naiweka folda hiyohiyo. Nakala ya pili iko kwenye diski inayokaa nyumbani, mbali na studio.