Siti za ngozi za mzee wa Ngamiani: kazi safi, subira lete mwenyewe, mikoba yake achana nayo

Wadau wa Tanga mnaopiga pedeli, nimeulizwa sana hii siti yangu ya baiskeli nimeitoa wapi kwahiyo naandika mara moja tuyamalize. Kuna mzee pale Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba, anafanyia kazi barazani kwake. Hana kibao wala hana ukurasa popote, jina lake silitaji maana mwenyewe hataki, ila ukifika pale ukauliza "mzee wa ngozi" hata mtoto wa chekechea anakupeleka. Nampa nyota nne. Ya tano nitawaambia imeenda wapi.

Kwanza muelewe anachouza. Siti za madukani tunazijua wote, plastiki chini, sponji katikati, juu ngozi feki inayong'aa. Jua la Tanga likishaipata inapasuka pembeni, sponji linaanza kunywa maji ya mvua, asubuhi unakalia unafika kazini suruali imelowa utafikiri umejikojolea. Mimi ya mwisho niliinunua duka moja la mjini, muuzaji akaniapia mpaka na wazazi wake kwamba ni orijino, haikumaliza hata masika.

Ya mzee haina sponji kabisa. Ni kipande kimoja cha ngozi nene ya ng'ombe, kimebanwa mbele na nyuma kwenye fremu ya chuma, katikati kinaning'inia hewani, yaani kama kitanda cha kamba, kikilegea unakaza. Wenye baiskeli za Raleigh za zamani mnaijua hii, ndiyo ile staili ya Brooks, kampuni ya Birmingham Uingereza iliyoanza 1866 ikitengeneza hatamu na vifaa vya ngozi vya farasi kabla haijageukia baiskeli. Na ukimsikiliza mzee ndo unaelewa kwanini, maana kwake yeye siti ya baiskeli na tandiko la punda ni kazi moja, shida ni ileile, uzito ukae wapi na usikae wapi.

Kipimo chake ndo kiliniacha hoi. Nilidhani atachukua futi. Akaweka kipande cha boksi, lile la mawimbi ndani, juu ya kigoda akaniambia "kaa mjukuu, nyanyua miguu kidogo, haya ondoka". Akapitisha kidole gumba pale kwenye boksi akatafuta mashimo mawili, akaweka alama kwa kalamu ya mkaa akapima kutoka shimo hadi shimo. "Mtu anakalia mifupa miwili, hakalii nyama." Basi upana wa nyuma wa siti unatoka hapo. Ndiyo maana siti ya mke wangu ni pana kuliko yangu na hatuazimani, tukijaribu mmoja analalamika njia nzima.

Halafu ngozi yenyewe. Anakata ya mgongoni tu. Ya tumboni anasema inavutika ovyo, ukiweka siti mwezi inakuwa bakuli, hiyo anatolea vipande vidogovidogo na kamba. Na anataka ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti, ya mwati au mikoko, hii laini ya kemikali ya kromu hataki kuisikia kwenye siti maana ukiilowesha ukaivuta kwenye kalibu haishiki umbo. Pale aliponifungulia ngozi nzima akaanza kunionyesha makovu, huku miiba, huku kupe, huku kisu cha mchunaji kimeteleza, na katikati ya mgongo kabisa chapa ya moto kubwa ya mwenye ng'ombe. "Wanapiga chapa palepale penye hela," akasonya. Kwenye ngozi nzima ile sehemu ya kutoa siti ilikuwa ndogo mno, sasa mtu akikutajia bei unakuwa unajua inatoka wapi.

Ngozi inalowekwa mpaka iache kutoa mapovu, inavutwa juu ya kibao alichokichonga mwenyewe, inapigiliwa misumari pembeni halafu inakaushwa KIVULINI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwasababu kuna kijana mmoja wakati nipo pale alikuja na siti yake imekakamaa na kujikunja kama kaukau, kumbe ililowa na mvua akaianika juani ili aiwahi. Ngozi iliyolowa maji ikipata joto inasinyaa inakufa, hairudi. Mzee alimpa maneno yake mazito mbele yetu wote na kazi akaikataa.

Sasa huyu mtu katokea wapi. Alianza utotoni miaka ya mwisho ya mkoloni, akimshikia zana fundi aliyekuwa anashona matandiko ya punda na kukarabati ya farasi wa walowezi huko Lushoto milimani. Farasi huku chini pwani hawajawahi kuwa wengi, mbung'o na maradhi yanawamaliza, kwahiyo kazi ya farasi ilipoondoka na wazungu wake akahamia mashamba ya mkonge. Si kukata mkonge, kushona mikanda. Zile mashine za kusagia mkonge, wenyewe wanaziita korona, zilikuwa zinazungushwa na mikanda mipana, mkanda ukikatika shamba zima linakaa kumsubiri fundi. Anasimulia kwa raha sana kipindi hicho, na kweli ndo ulikuwa wakati wa mkonge, 1964 nchi ilitoa kama tani laki mbili na elfu thelathini. Baadaye nailoni ikaingia sokoni bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, mashine zikawa zinazimwa moja baada ya nyingine. Akabaki na msharasi, kile chuma cha kutobolea ngozi, na sindano zake. Mjini kila mtu ana baiskeli na kila baiskeli ina siti, akaanzia hapo mpaka leo.

Tandiko la punda bado anashona, wateja wanatoka Handeni na Kilindi, nilimkuta nalo mapajani. Ni mito miwili iliyojazwa usumba wa nazi, mmoja kushoto mmoja kulia, katikati kunaachwa mfereji ili uti wa mgongo wa mnyama usiguswe kabisa, tandiko likikosa huo mfereji punda anatoka vidonda mgongoni na mwenye punda anafikiri mnyama mvivu. Kushona kwake kunapendeza kuangalia. Ngozi imebanwa kwenye jiliwa la mbao katikati ya magoti, uzi mmoja sindano mbili, msharasi unatoboa, sindano ya kushoto inapita, ya kulia inapita tundu lilelile, mikono inafunguka kama anaogelea, anakaza mpaka uzi unalia. Uzi kaupitisha kwenye nta ya nyuki kwanza. Nikamuuliza babu cherehani si ingekuwa haraka? Hakujibu, akachukua kipande kilichoshonwa kwa cherehani akakata mshono mmoja kwa kisu, akavuta, ukafumuka. Akakata na wa kwake, akanipa mimi nivute. Nilivuta mpaka vidole vikauma, ule uzi wa pili bado umeshika.

Kwenye kuendesha sasa. Wiki za mwanzo ni ngumu, sitaki kudanganya mtu, utamsema mzee vibaya kimoyomoyo. Halafu taratibu pale penye mifupa panabonyea kidogo, na baada ya hapo mimi natoka Mabokweni hadi mjini sikumbuki kama nimekaa juu ya kitu. Mbele chini ya pua kuna nati ya kukazia. Robo mzunguko tu, na pale inapolegea, siyo kila Jumapili na spana kama watu walivyozoea, ukizidisha ngozi inachanika kwenye riveti, vile vipini vya chuma vinavyoibana kwenye fremu. Anakupa na kikopo cha mafuta ya ng'ombe na nta, unapaka na chini pia, maana upepo wa bahari hapa kwetu unaleta kuvu usipoangalia. Mvua zamani tulikuwa tunavalisha siti mfuko wa rambo, tangu ilipopigwa marufuku 2019 mzee anashona vikofia vya turubai, elfu tatu, chukueni.

Bei: siti mpya nilitoa 85,000, na lazima upeleke fremu yako ya chuma ya zamani, hana za kuuza. Kubadilisha riveti na kukaza iliyolegea alikuwa anachaji 15,000. Najua mtasema ghali, dukani ipo ya elfu kumi na tano. Sawa, kanunueni, mtainunua tena na tena.

Nyota iliyopungua. Kwanza tarehe hakuna, ni "inshallah wiki ijayo" na hiyo wiki ijayo ina tabia ya kusogea, na ukipiga simu simu iko ndani kwa mjukuu. Nadhani ni mzigo tu umemzidi maana kazi ngumu zote anafanya mwenyewe, yule binti anayejifunza kwake kwa sasa anaruhusiwa kukata na kupaka, msharasi bado. Advansi analipwa nusu, kwahiyo ukishalipa umefungwa. Pili, mikoba na pochi. Jamani. Anazishona kwa ngozi ileile ya tandiko, mkoba mtupu tu una uzito wa mtoto, halafu zipu za bei chee, ya dada yangu ilifyatuka na ngozi bado mpya kabisa. Mikanda ya suruali ni mizuri ila mwambie akuwekee kishikizo cha shaba, hivi vingine vinashika kutu upesi. Makubadhi sawa tu, ya kawaida, kuna wenzake mjini wanamzidi.

Nendeni asubuhi, mchana jua linapiga baraza anaingia ndani, na Ijumaa ikishafika saa tano anafunga mpaka kesho yake. Ukifika salimia vizuri kwanza, ukianza na "fundi bei gani" bila shikamoo unatajiwa bei nyingine. Siti za bodaboda hashoni, msimsumbue, atawaelekeza kwa jamaa wa mtaa wa pili.