Piramidi mbili, king'amuzi kimoja: uzoefu wangu na kirefusha rimoti

King'amuzi kikiwa chini na televisheni ya pili ikiwa juu, picha si tabu. Ving'amuzi vingi vinatoa picha kwenye HDMI na kwenye zile tundu za AV, nyekundu, nyeupe na njano, kwa wakati mmoja. HDMI tumeiacha sebuleni, AV imepanda juu kwa waya mrefu ambao fundi dishi aliupitisha zamani kwenye tundu la bomba. Tabu ni rimoti. Rimoti hutuma amri kwa infraredi, nayo ni mwanga usioonekana kwa macho, na mwanga haupenyi ukuta wala sakafu. Kwa hiyo bi mkubwa, yaani mama yangu, akitaka kuangalia Makka mubashara baada ya Isha, inabidi mjukuu atumwe ngazini na ujumbe, na mjukuu akifika chini akikuta mpira umekolea, ujumbe haufiki.

Nilichonunua ni kile kifaa cha kurefusha rimoti kisicho na waya kati ya vyumba, vile viwili vyenye umbo la piramidi. Yangu haina jina la maana. Ni ya Kichina, umbo limeigwa kutoka Powermid za Marmitek, na niliinunua Darajani, Zanzibar, kwa shilingi 65,000. Ndani ya boksi mlikuwa na piramidi mbili, adapta mbili, waya mwembamba wenye kitaa kidogo mwishoni, na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza cha kubahatisha.

Kabla ya hapo kulikuwa na njia nyingine mbili mkononi. Ya kwanza ni ya waya: jicho la kupokea mwanga wa rimoti linakaa juu, waya unashuka, kitaa kinabandikwa kwenye king'amuzi. Ni rahisi, haina mawimbi ya kugombana na mtu, na ningekuwa nakaa nyumba ya matofali ningeichukua hiyo bila kufikiri. Lakini kwetu ni Mji Mkongwe. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unaweza kufika unene wa nusu mita, na sakafu ya juu imelazwa juu ya boriti. Ukitia drili kwenye ukuta wa namna hii chokaa inamwagika kama unga, na tundu ulilolitaka la kidole linageuka la ngumi. Tena mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, si vizuri kila mwenye televisheni kujitobolea. Lile tundu la bomba nalo limeshajaa nyaya, halipitishi hata uzi.

Njia ya pili ililetwa na ndugu yangu aliyeko Uingereza, kwa nia njema kabisa: jicho dogo la kuchomeka kwenye waya wa antena. Kule ving'amuzi vya zamani vya kampuni ya Sky vilikuwa na tundu la RF2, la waya wa antena, lililotoa umeme wa volti 9 kwenye waya uleule unaopeleka picha chumba cha pili. Jicho linakula umeme huo, linasoma rimoti, linarudisha amri kwenye king'amuzi kwa waya huohuo. Kazi safi sana. Ila linataka king'amuzi chenye tundu hilo, na king'amuzi chetu hakina tundu la kutoa RF hata moja. Jicho limo kwenye droo mpaka leo. Kama una king'amuzi chenye tundu la RF na unafikiria njia hii, hakikisha kwanza kwamba linatoa umeme, na kama kuna kigawanyio njiani kiwe cha aina inayopitisha umeme. Kigawanyio cha kawaida kitapitisha picha na kuuzuia umeme, na jicho litakaa kimya.

Sasa piramidi. Ya juu inapokea mwanga wa rimoti, inaugeuza kuwa mawimbi ya redio ya megahezi 433.92 na kuyarusha. Ya chini inayadaka, inayageuza tena kuwa mwanga wa infraredi, na kumulika king'amuzi. King'amuzi hakijui kama rimoti iko ghorofani. Boksi limeandikwa mita 100. Hizo ni za uwanjani. Kupita sakafu moja ya boriti na ukuta mmoja wa mawe kwetu imeweza bila wasiwasi, lakini nilipojaribu kuipeleka chumba cha nyuma kabisa, kuta tatu, ikawa inashika na kuachia.

Kuifunga ni kuchomeka tu. Juu niliiweka kwenye kabati inayotazama kitanda, chini kwenye meza mkabala na king'amuzi, na chaneli ikabadilika mara ya kwanza. Bi mkubwa akasema, "Alhamdulillahi, sasa na miye nina rimoti." Kufika hapo ningeipa nyota tano na kwenda kulala.

Vituko vilianza magharibi. Taa nyekundu ya piramidi ya chini, ambayo inatakiwa kuwaka pale tu mtu anapobonyeza, ikawa inamemeteka mfululizo, na king'amuzi kikawa hakisikii rimoti yoyote, hata ile ya chini iliyoelekezwa usoni mwake. Hili ndilo tatizo kubwa la vifaa hivi na ndilo wauzaji hawalisemi. Jicho la piramidi linatafuta mwanga unaopigapiga kwa kasi ya kilohezi 38 hivi, yaani mara 38,000 kwa sekunde, maana rimoti nyingi hutumia hiyo. Taa za enaji seva, zile za bomba la kujikunja, nazo hupigapiga kwa kasi za jirani na hiyo. Jicho linadhani linaongeleshwa, linapeleka makelele chini, na chini king'amuzi kinamulikwa takataka bila kupumzika. Jua la alasiri likiingia dirishani moja kwa moja nalo linalitia jicho upofu, ila dalili yake ni nyingine: hapo taa inabaki kimya na rimoti haifanyi kazi.

Namna ya kujua ni nyepesi. Funika piramidi ya juu kwa kiganja. Taa ya chini ikitulia, adui ni mwanga wa chumbani. Isipotulia, adui ni mawimbi, na hilo nitalifikia. Kwetu ilitulia. Nikazima taa ya chumba, kimya. Nikawasha, kelele. Tukaiweka balbu ya LED mahali pa ile ya kujikunja na mambo yakaisha, ingawa nimeshaona LED za bei ya chini zenye tabia ileile, kwa hiyo jaribu kabla ya kuisifu. Piramidi yenyewe niligeuza mgongo wake uelekee dirisha.

Kituko cha pili kilitaka kuvunja nyumba. Televisheni zetu mbili ni za kampuni moja. Piramidi haichagui amri: inarudia kila inachokiona, iwe ya king'amuzi, ya televisheni au ya kiyoyozi. Bi mkubwa akizima televisheni yake ya juu alale, mwanga unatokea chini na kuizima ya sebuleni pia. Siku ya Simba na Yanga, dakika za mwisho, kona imepigwa, kioo kikawa cheusi. Shemeji zangu walidhani umeme umekatika, mmoja akasimama kabisa kwenda kutazama mita. Kumbe mama amejifunika shuka huko juu.

Dawa yake ni ule waya mwembamba ambao watu wengi wanauacha ndani ya boksi. Unachomekwa nyuma ya piramidi ya chini na kile kitaa cha mwisho kinabandikwa kwenye king'amuzi chenyewe, ili mwanga uingie kwa mlengwa tu usisambae sebuleni. Kwa baadhi ya piramidi ukichomeka waya, taa za infraredi za mbele zinazimika zenyewe. Yangu haizimi, kwa hiyo nilizifunika mbele kwa utepe mweusi wa umeme, tabaka mbili, maana tabaka moja lilikuwa linavuja.

Kupata mahali pa kubandika ndiyo kazi ya subira. Jicho la king'amuzi limejificha nyuma ya plastiki nyeusi ya mbele. Mulika tochi kwa upande, karibu sana, utaona kijiduara au kiboksi kidogo nyuma ya plastiki. Usipoliona, shika kitaa kwa vidole, kiburute taratibu kutoka kushoto kwenda kulia huku mtu wa juu anabonyeza namba. Tulifanya hivyo kwa kupigiana kelele za ngazini:

"Mama, bonyeza!"

"Nabonyeza, mwanangu. Wewe unafanya nini huko?"

"Usiachie!"

"Kidole kishakufa ganzi."

Chaneli iliporuka nikatia alama kwa kalamu na kubandika hapo. Ikaja tabia nyingine: ukibonyeza 1 zinaandikwa 11, au haiandikwi kitu. Kitaa kikikaa pua kwa pua na jicho, mwanga unakuwa mkali kupita kiasi na jicho linachanganyikiwa. Nilikisogeza pembeni upana wa kidole, namba zikatulia. Gundi ya kile kitaa haiwezi joto la kwetu wala unyevu wa baharini; kabla mwezi haujaisha kilikuwa kinaning'inia. Tumia utepe wako mwenyewe tangu mwanzo, na kila baada ya muda tazama kama hakijahama.

Hata baada ya yote hayo ipo kasoro moja haiondoki, na nimeikubali. Amri inachelewa kidogo tu, lakini inatosha kukuudhi kama unapenda kubonyeza harakaharaka. Namba za chaneli ziandikwe polepole, moja baada ya nyingine. Kubonyeza na kushikilia kitufe cha sauti au cha kusogeza orodha, sahau.

Kuhusu mawimbi. Megahezi 433.92 si yako peke yako. Kengele nyingi za mlango zisizo na waya, rimoti za mageti na alarmu za magari zinaishi hapohapo. Upande wa pili wa kichochoro kuna nyumba ya wageni, na kila mgeni anapobonyeza kengele, taa ya piramidi yetu ya chini inapepesa. Mpepeso mmoja haudhuru, king'amuzi kinaupuuza. Ukikuta taa inawaka muda wote hata jicho la juu ukiwa umelifunika, zima piramidi ya juu kabisa. Ikiendelea kuwaka, kuna kifaa cha jirani kinachorusha bila kukoma, na hapo huna la kufanya ila kuhamisha piramidi ya chini, kuinyosha antena yake, au kurudi kwenye ya waya. Na umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine piramidi ya chini inaganda. Ichomoe, hesabu mpaka kumi, irudishe.

Sasa la muhimu kuliko yote kwa anayetaka kununua. Chukua rimoti yako, ielekeze kwenye kamera ya simu, ya mbele ni bora maana nyingi hazichuji infraredi sana, kisha bonyeza kitufe. Ukiona nukta ya mwanga wa zambarau au mweupe kwenye kioo, rimoti yako ni ya infraredi na kifaa hiki kitakufaa. Usipoona kitu na betri ni nzima, huenda rimoti yako ni ya Bluetooth, na hapo piramidi hizi ni mapambo. Kamera hiyohiyo itakuonyesha kama kitaa cha chini kinawaka wakati mtu wa juu anabonyeza. Kikiwaka na king'amuzi hakisikii, tatizo ni pale ulipokibandika. Kisipowaka, tatizo liko nyuma yake.

Na usidanganyike kwamba umepata king'amuzi cha pili. Juu na chini mnaangalia chaneli moja, kilichoongezeka ni mtu mwingine mwenye uwezo wa kuibadilisha. Hili wengi wanaligundua wakishalipa. Anayetaka kila chumba na chaneli yake atafute mpango wa ving'amuzi viwili kwenye akaunti moja. DStv wanauita XtraView, unalipiwa nyongeza. Sisi hatukufika huko. Makubaliano ya kwetu ni kwamba baada ya Isha na mwezi wa Ramadhani wote rimoti ya juu ndiyo yenye amri, na Kombe la Mapinduzi likianza mama anapewa ratiba kwenye karatasi. Anaifuata pale anapotaka.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya adapta: zote mbili ni za pini mbili bapa, soketi zetu ni za pini tatu, na ile ya chini inapata moto kiasi kwamba nimeibadilisha kwa nyingine yenye volti sawa na ampea kubwa kidogo. Ukinunua Darajani, muombe muuzaji aichomeke mbele yako na uiguse baada ya muda. Zangu hakuna aliyezichomeka dukani.