Songwe hadi Dar kwa ndege: usiamini saa za kwenye tovuti

Tovuti za kupima umbali zinasema kutoka Uwanja wa Songwe, huku kwetu Mbeya, hadi Julius Nyerere ni kama kilomita 690. Hapo sina ugomvi nazo. Barabara ni zaidi ya 800, kwa kuwa basi lazima lizunguke Makambako, Iringa, lishuke Kitonga, likate Mikumi, wakati ndege inanyoosha tu. Ugomvi wangu uko kwenye muda. Niliyotumia mimi iliniandikia dakika 52, na ukipiga hesabu unaona zilikotoka: imechukua 690 ikagawa kwa 800, mwendo wa jeti ikiwa imeshatulia angani. Haijahesabu kuruka, kupanda wala kushuka. Tena mara nyingine unayopangiwa ni pangaboi, Q400, ambayo mwendo wake ni kama 600 kwa saa. Kwa jeti weka saa moja na robo, kwa pangaboi saa moja na nusu hivi. Tiketi yenyewe huwa inasema kweli, isome hiyo.

Halafu kuna hili ambalo tovuti haikuambii. Tangu Songwe ifunguliwe mwishoni mwa 2012, uwanja wa zamani wa mjini haupokei tena abiria. Kwa hiyo sisi wa Uyole na Mwanjelwa safari ya Dar tunaianza kwa kuelekea Tunduma! Ni kilomita zisizofika 30, lakini ndiyo barabara ya malori ya Zambia na Kongo, na kwa huu ujenzi wa njia nne, lori moja likikwama mteremko wa Iwambi mnatazamana tu. Naondoka nyumbani saa tatu na nusu kabla ya ndege. Shemeji yangu anasema nina woga. Sawa.

Asubuhi za baridi kuna ukungu. Siku moja nimeshapita ukaguzi ndipo ujumbe wa shirika ukaingia kwamba ndege bado iko Dar, inasubiri hali ya hewa ya huku. Ukungu hauna mwenyewe, ila ujumbe ungeweza kunikuta bado nipo kitandani. Siku hizi nachukua ya mchana.

Ukijumlisha yote, pamoja na kusubiri begi na foleni ya Barabara ya Nyerere, mlango kwa mlango ni saa sita au saba. Basi ni saa 12 hadi 14, na linakushusha Mbezi, bado hujafika. Kwa muda, ndege inashinda bila ubishi. Kaa dirishani upande wa kulia: kukiwa kweupe unauona Rungwe vizuri, na baadaye mashamba ya mpunga ya Usangu yanapita chini.

Kilichobaki ni mzigo. Pale kaunta mbele yangu mama mmoja alikuwa na kiroba cha mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi umefungwa kwa kanga. Dada wa mizani akamwambia kwa upole, "Mama, imezidi." Mama akatazama bei ya kilo za ziada, akafungua kiroba, akaanza kumpimia mchele dereva bajaji aliyemleta. Mimi kama nina mchele wa kupeleka, nautanguliza kwa basi jana yake.