Biblia ya zipu na kingo za dhahabu: unalipia nini hasa?

Katika maduka mengi ya vitabu vya Kikristo, Biblia ya zipu huwekwa mahali pa kuonekana: jalada lenye sura ya ngozi, kingo za dhahabu, utepe wa alama, na pengine nafasi ya kuchapisha jina la mwenye nayo. Ile nyeusi ya jalada gumu iko rafu ya chini. Fungua zote mbili, kama ni Tafsiri ya Muungano, utakuta maneno yale yale yaliyotolewa mwaka 1952, vitabu 66, sura 1,189. Kilichopandisha bei kiko nje.

Tuseme mapema: kwa mtu anayesoma kila siku, jalada gumu lililoshonwa kwa uzi linaishinda ya zipu karibu kila upande.

Anza na mgongo, maana ndipo Biblia nyingi hufia. Itazame kwa juu, pale karatasi zinapokutana na mgongo. Ukiona mafungu madogo yaliyokunjwa na kupangwa bega kwa bega, kisha ukifungua katikati ya fungu ukauona uzi, imeshonwa. Ukiona karatasi zimekatwa sawasawa na kushikwa na gundi tu, irudishe rafuni hata kama jalada linang'aa. Gundi ya namna hiyo hukauka kwa joto na kupasuka, na zinazotangulia kuchomoka ni kurasa za mwanzo wa Mwanzo na za mwisho wa Ufunuo, kwa sababu hapo ndipo jalada linapovuta zaidi. Jalada la bei kubwa halikuhakikishii uzi.

Hiyo "ngozi" nayo, mara nyingi ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Chungulia ukingo uliokatwa utaona nyuzi. Unyevu na jasho la mkono huivunja taratibu: huanza kubanduka magamba kwenye pembe na kwenye mkunjo wa mgongo. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hali ni mbaya zaidi, na kichwa cha zipu cha chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi. Mathayo 6:19 inataja nondo na kutu kwa majina. Mnunuzi wa zipu analipia kutu atakayoikuta baadaye.

Zipu ina dosari nyingine. Ikijazwa bahasha za sadaka, ratiba za ibada na daftari dogo, hufungwa kwa nguvu, na meno yake hukamata pembe za kurasa. Wakati wa masika, Biblia iliyolowa kidogo kisha ikafungiwa ndani ya zipu huota ukungu. Iache wazi, isimame wima hadi ikauke. Zipu ikigoma, isugue kwa mshumaa au risasi ya penseli. Usitie mafuta ya kupikia, yatafika kwenye karatasi.

Kingo za dhahabu hazina ubaya, ila hazisaidii kusoma. Zikiwa mpya hugandisha kurasa, kwa hiyo usizivute kwa kidole. Simamisha mgongo mezani, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu fungua kurasa chache upande huu na chache upande ule hadi ufike katikati. Biblia yoyote mpya inafaa kufunguliwa hivyo.

Mambo yanayostahili pesa yako hayaonekani ikiwa imebebwa kwapani. Ukubwa wa herufi: pointi 8 huchosha macho, 10 inatosha wengi, mzee atahitaji 12 au zaidi. Uzito wa karatasi: fungua Zaburi 119, uisome penye mwanga wa kawaida, maneno ya nyuma yakikusumbua hapo dukani, usiku yatakusumbua zaidi. Itifaki mwishoni, yaani orodha ya maneno na mistari yanamopatikana, inamfaa mwalimu wa shule ya Jumapili kuliko dhahabu yote hiyo. Kalamu za kung'arisha zenye wino wa maji hupenya karatasi hii. Tumia penseli ya rangi.

Ukisoma sura 3 kila siku na 5 Jumapili, unamaliza ndani ya mwaka. Hicho ndicho kipimo chetu: kitabu kistahimili kufunguliwa hivyo miaka mingi. Biblia ya zipu imetengenezwa zaidi kwa ajili ya Jumapili, na kwa ajili ya macho ya waliokaa benchi la nyuma. Nabii Samweli alipomwona Eliabu, kaka yake Daudi, akadhani ndiye atakayekuwa mfalme; aliingia mtego huo huo, akajibiwa na Mungu kwamba wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo (1 Samweli 16:7). Kununua heshima kwa kutumia kitabu chenye mstari huo ni kinyume kidogo, au tuseme kikubwa.

Kuna wanaohitaji zipu kweli: mwinjilisti anayesafiri kwa bodaboda, mzee wa kanisa anayezunguka jumuiya wakati wa mvua. Hata kwao, nunua jalada gumu, kisha fundi cherehani ashone mfuko wa turubai jepesi wenye zipu ya plastiki. Mfuko uwe na nafasi ya vidole viwili kuzidi ukubwa wa Biblia, ili meno yasiguse karatasi. Zipu ikiharibika unabadilisha mfuko, Biblia inabaki. Pesa iliyosalia inaweza kutosha nakala ya pili ya jalada gumu kwa anayesoma ya kuazima, au kuchangia miwani ya kusomea.